Nilivyomfuta mtoto wa watu kwa Enter moja: Linux, kompyuta kuukuu na Bukavu ya miaka ya vita

Wakuu, salamu nyingi kutoka upande huu wa ziwa.

Kila wiki naona humu kuna anayelia kwamba Linux imemgomea kwenye mashine yake ya zamani. Poleni. Leo na mimi nitoe yangu, na nitaisema ilivyokuwa, hata pale inaponivua nguo. Mwenzangu mmoja aliyekuwepo siku hiyo anasoma humu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi, nitapigiwa simu kabla sijamaliza.

Kiswahili changu mtakivumilia. Sisi Bukavu tunasema "mutoto" na "muzee", na "njo" kwa "ndiyo". Ninyi mnacheka, sisi tunaendelea kuishi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani.

Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu ya serikali, nikakaa. Wenzangu wengine walikwenda chuo, wengine walikwenda porini na bunduki, mimi nilikwenda sebuleni. Mama yangu alikuwa anawaambia wageni: "Ule wangu haniletee matatizo ya barabara. Barabara yenyewe haimujue."

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya kwetu. Mji uko mikononi mwa waasi, na njia za kutoka mjini zinafunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha watu wengi.

Pale nyumbani tulikuwa na kompyuta moja aliyoiacha marehemu tonton, yaani mjomba. Kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa anajitolea kwenye shule ya jirani, siku walipowahamisha wageni, alinipa CD tatu na disketi moja. Akaniambia hii ni Linux, ni bure, weka.

Niliiweka. Ilinichukua siku kumi na moja.

Kanisani nikasema ilinichukua mchana mmoja.

Wakuu, uongo mdogo kama huo usiudharau. Unakaa kimya, unanenepa, halafu siku moja unakuja kugonga mlango wako.

Sasa kuna desturi moja lazima niwaeleze, bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Siku hizo wenye silaha wakiingia ofisini usiku, wanabeba kompyuta. Hawajali kilichomo ndani, wao wanabeba sanduku. Kwa hiyo watu wa maofisi Bukavu walizoea: ikifika saa kumi jioni, unafungua kompyuta, unatoa diski ngumu, unaenda nayo nyumbani. Asubuhi unairudisha. Sanduku libaki, likiibiwa ni bati tu. Kazi iko kwako.

Kila mtu na maficho yake. Kuna papa mmoja alikuwa anaiweka ndani ya redio isiyo na matumbo. Maman Noella, ambaye ndiye mnene, yaani mkubwa, wa hadithi hii, alikuwa anatumia kapu la sokoni.

Maman Noella alikuwa sekretari wa shirika moja dogo sana pale Nyawera. Vyumba viwili na ukumbi wenye benchi. Kazi yao ilikuwa kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia: jina, mahali walipookotwa, alama ya mwili, na familia iliyowapokea. Mzazi akitokea, wanaangalia orodha.

Kompyuta yao ilikuwa na diski mbili. Moja ilikuwa na Windows, nyingine ilikuwa na orodha. Zilinunuliwa siku moja, aina moja, ukubwa mmoja, hata vumbi lake lilifanana. Jioni Noella anafunga moja kwenye sacheti ya plastiki na kuizika ndani ya unga wa muhogo, nyingine ndani ya maharagwe. Kapu kichwani. Anafika kwenye kizuizi, askari anachungulia, anaona chakula, anamwambia pita mama.

Miezi mingi alipita hivyo. Mimi ningezimia siku ya kwanza.

Basi. Asubuhi moja nikiwa nakunywa chai, Maman Noella akaingia kwetu bila kubisha.

"Fundi Bahati, ulisema ku kanisa unawekaka ile Linux mu muchana moja."

Nikamwambia eeh, inategemea.

"Haitegemee. Leo tuko na muchana moja."

Windows yao ilikuwa imekufa kwa virusi vya disketi ya mtu. CD yake iliporwa zamani. Hilo lingeweza kusubiri, lakini jana yake alikuwa amefika mama mmoja kutoka pande za Bunyakiri, Maman Nsimire. Alikaa miezi porini, akatoka, akatembea mpaka mjini, akasikia binti yake Neema yuko kwenye orodha. Noella alikumbuka kweli kwamba mtoto huyo aliandikwa, na kwamba yuko Katana. Familia gani? Amesahau. Na Katana siyo uwanja wa mpira kwamba utasimama katikati uite.

Makaratasi je? Wanajeshi walilala ofisini humo wiki moja, wakayachoma makaratasi yote kwenye mbabula, jiko la makaa. Disketi ya kopi ilikuwa imeota ukungu. Orodha nzima ilikuwa ndani ya unga wa muhogo.

Na gari aina ya jipu la kupeleka dawa hospitali ya Katana lilikuwa linaondoka saa nane mchana. La kwanza tangu wiki nyingi. Nafasi ilikuwa moja, ya Maman Nsimire, kwa sharti ajue anakwenda mlango gani, maana shofa, dereva wake, anashusha dawa na kurudi siku hiyo hiyo.

Ilikuwa saa nne kasoro.

Mama akanitupia sweta. "Vaa. Hii mutoto ilifikaka Nyawera mara moja tu, baridi ya kule haimujue."

Nikachukua CD zangu, disketi, na daftari langu. Kwenye daftari nilikuwa na maandishi ya mwezi mmoja nyuma, siku Noella aliponiita kuiangalia ile mashine: hda = Windows. hdc = orodha.

Kwa wasiojua: Linux ya siku hizo ilikuwa inaita diski kufuatana na waya ilikochomekwa. Waya wa kwanza, hda. Waya wa pili, hdc. Haijali ndani kuna nini. Wakuu, hilo shikeni.

Mpango wangu ulikuwa safi kabisa. Linux ikae kwenye hda, pale Windows ilipofia. Halafu nifungue hdc, nisome orodha, Noella anakili, mama anapanda jipu.

Tulipofika, Noella alichomoa diski zake kapuni, akazipangusa, akazirudisha mwenyewe kwenye mashine kwa mikono ya mazoea. Mimi sikuangalia. Nilikuwa nafungua daftari kama daktari.

Maman Nsimire alikuwa kwenye benchi, kikwembe kimefungwa vizuri, miguu imevimba. Alinisalimia, akanyamaza. Hakuuliza swali hata moja. Afadhali angeuliza, wakuu. Kuna watu ukimya wao unakuchungulia mgongoni.

Saa nne na nusu. Mashine ikakataa kuwaka kwa CD. Nikachomeka disketi. Krrr, krrr, krrr. Mashine hiyo kusoma disketi ilikuwa kama muzee anayepanda kilima cha Kadutu na gunia: anapanda, anapumzika, anapanda.

Saa tano na robo. Disketi imeisha, CD inasoma. Skrini ya buluu, Kifaransa kitupu.

Umeme ukapepesa. Stabilizeta ikalia tak. Sote watatu tukaangalia taa. Ikarudi.

"Courant ya leo iko na roho mbaya," Noella akasema. "Harakisha, papa."

Saa tano na nusu mashine ikaniuliza: niweke Linux kwenye diski gani? Nikaangalia daftari. hda. Ikanionyesha kwamba ndani kuna kipande kimoja kinachojaza diski nzima. Nikakifuta. Nikachora vipande vipya. Nikaandika kwenye diski.

Enter.

Ikaja skrini ya kuuliza kama nifomati. Oui au Non, ndiyo au hapana. Kidoti tayari kimesimama juu ya Oui.

Nikanyoosha kidole.

Ndipo mlio wa risasi ukasikika, upande wa juu, kama mtu anapasua mbao. Halafu mingine mitatu.

Mimi nilijificha chini ya meza. Nasema kama ilivyokuwa. Maman Nsimire hakutikisika. Maman Noella alifanya kile ambacho mikono yake ilizoea: alishika turnevisi, bisibisi yake, akaondoa kifuniko, akaingiza mkono ndani ya mashine inayowaka ili aokoe diski zake.

"Maman, usivute!" nilipiga kelele kutoka chini ya meza. "Iko inaandika!"

"Mimi navuta ya orodha tu! Yako ubaki nayo!"

Nikatoka kwa magoti nikamshika kiganja. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye waya.

Nikaangalia ni waya gani.

Wakuu, ulikuwa waya wa kwanza.

"Maman... hii ya orodha iko gani?"

"Hauone? Iko hii ya unga. Ile ya Windows nabebaka mu maharagwe."

Kweli. Kwenye pembe za ile diski, na kwenye vitundu vya skrubu, kulikuwa na unga mweupe wa muhogo. Nikafuata waya wake kwa kidole, polepole, nikiomba ugeuke mahali fulani. Haukugeuka. Ulikwenda moja kwa moja kwenye hda.

Mwezi mzima amekuwa anazitoa na kuzirudisha. Asubuhi hii hivi, asubuhi ile vile. Windows ingekuwa hai, mashine ingegoma kuwaka naye angegundua, lakini ilikuwa imekufa, hakuna wa kumwambia. Na mimi, badala ya kufungua macho, nilifungua daftari la mwezi uliopita.

Nilikuwa nimefuta orodha. Watoto wote. Na mama wa mmoja wao yuko hatua tano nyuma yangu, amekaa.

Noella aliniangalia usoni. Hajui fdisk wala amri nyingine, lakini anajua nyuso.

"Bahati. Umefanya nini?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa.

Hakupiga kelele. Alikwenda kufunga mlango wa ukumbini, akarudi, akasema: "Tengeneza. Ukiisha kutengeneza, nitakuuwa."

Milio ilikuwa imenyamaza. Saa sita kamili.

Sasa mnisikilize, hapa ndipo pana faida kwa wote.

Nilichofuta kilikuwa jedwali tu, ile karatasi ya mbele inayosema kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Shamba lenyewe lilikuwa bado halijalimwa. Kulima kungekuwa ile Oui. Kwa hiyo nikirudisha mipaka ile ile, sawasawa, namba kwa namba, mazao yatakuwa pale pale. Nikikosea mwanzo wake, mashine itasoma takataka.

Namba hizo niliziona kwenye skrini nusu saa kabla. Niliziandika? Sikuziandika. Nilikuwa na daftari mkononi na kalamu sikioni.

Nikachagua Non kwa mikono miwili.

Nikakaa nikiangalia zile diski mbili. Mapacha. Zimenunuliwa siku moja. Nikamuuliza Noella: nani alizipanga mwanzoni?

"Mutu moja tu, siku moja. Alifanya hii, akafanya na ile, akakula, akaenda."

Wakuu, nilitaka kumbusu huyo mtu. Kama alizipanga sawasawa, basi mipaka ya diski ya Windows ndiyo mipaka ya diski ya orodha. Nikabonyeza Alt na F2, pale installer, ile programu ya kuweka Linux, inapoficha mlango wa nyuma wa amri. Nikaiuliza hdc inisomee jedwali lake. Kipande kimoja, kuanzia moja mpaka mwisho. Nikaandika zile namba. Kwenye daftari, kwenye kiganja, na nikampa Noella azishike kichwani.

Kabla sijagusa hda nikaangalia waya tena. Noella akaangalia. Nikataka na Maman Nsimire aangalie, Noella akanikanyaga mguu.

Nikafuta vipande vyangu vya ujinga. Nikachora kimoja. Namba moja. Namba ya mwisho. Aina ile ile. Andika.

Enter ya pili ya siku ile ilikuwa nzito kuliko mlango wa kanisa.

Nikawasha upya. Disketi tena, krrr, krrr. Saa saba kasoro robo. Nje jipu likasikika linasimama, shofa akapiga honi mara moja. Noella akatoka kumwambia saa nane haijafika. Shofa akajibu milio imeongeza haraka yake, yeye anaondoka saa saba na nusu, anayetaka kubaki abaki.

Krrr.

Saa saba na dakika kumi nikafika kwenye amri. Nikaiambia ifungue hda1, kile kipande cha hda.

Ikajibu kwamba aina ya faili siyo sahihi, au mwanzo umeharibika.

Nilikaa pale nikisoma ule mstari mara tatu kama barua ya msiba. Honi ya pili ikalia.

"Inasema nini?" Noella akauliza.

"Inasema hapana."

"Iulize tena. Na mimi ku kizuizi waliniambiaka hapana."

Si ushauri wa kitaalamu, lakini ulinifanya nifikirie jinsi ninavyouliza. Sikuwa nimeiambia diski ni ya aina gani, nilidhani itajua yenyewe. Mfumo huu mdogo wa disketi haukuwa umepakia kipande cha kusoma diski za Windows. Nikapakia vfat kwa mkono. Nikaandika amri tena, safari hii nikitaja aina.

Mashine ikanyamaza. Linux ikikubali haisemi asante, inakurudishia tu mstari mtupu.

Orodha iliandikwa kwa programu ya zamani ya DOS, faili lake ni maandishi yaliyopangwa kwa safu. Nikatafuta NEEMA.

Zikatoka tatu.

Tatu, wakuu. Mmoja Katana kwa familia moja, wa pili Katana kwa familia nyingine, wa tatu Lwiro. Jina la baba halikuandikwa popote, watoto wadogo wanajua "papa" tu.

Noella akafungua mlango. "Maman Nsimire, wako iko na alama gani?"

Mama alisimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mukono ya kushoto. Moto. Alishikaka sufuria akiwa mudogo."

Nikafuata mstari kwa kidole juu ya kioo. Wa kwanza, hakuna alama. Wa pili: kovu, mkono wa kushoto. Familia ya mshonaji, nyuma ya hospitali, nyumba ya mabati mapya.

Noella akaandika kwa kalamu, akapiga muhuri, akaupulizia wino ukauke. Maman Nsimire alichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akatoka mbio na ile miguu yake iliyovimba. Honi ya tatu haikulia.

Tulinakili orodha yote kwa mkono mpaka umeme ulipokatika. Noella hakuniua, alisema hana nguvu.

Kesho yake barabara ikafungwa tena. Simu hakuna. Wiki tano hatukusikia neno.

Linux niliiweka baadaye, kwenye diski ya maharagwe. Ilichukua siku nne. Kanisani nilisema nne.

Nikarudi kukaa nyumbani, lakini hata kukaa kulinishinda. Nilikuwa nawaza: je, kama mistari ilisogea? Je, kama kovu la Neema mmoja limeangukia kwa Neema mwingine? Mama akasema: "Leo njo naona mutu anachoka kwa kukaa."

Jumapili moja baada ya misa wakaja. Noella mbele, Maman Nsimire nyuma, na kasichana kamoja kembamba kameshika kikwembe chake. Walileta beseni la sambaza za Katana, visamaki vya ziwani. Mama akazikaanga, tukakaa mezani. Maman Nsimire akaanza kunibariki: fundi, Mungu akuongezee, fundi, mikono yako.

Noella ananikodolea macho ya kunifunga mdomo. Nikashindwa.

"Maman, siku ile mimi njo nilikuwa namufuta mutoto wako. Nilikosea. Nilifuta orodha yote, halafu nikarudisha."

Mama yangu akaacha kijiko hewani.

Maman Nsimire aliangalia kasichana kake, kalikuwa kanatafuna bila habari na sisi. Halafu akasema polepole:

"Ku barabara ya Hombo, siku ile walipiga risasi, watu wanasemaka mutoto alipotea mu kundi. Hapana. Hakuna mutu alimuvuta. Mimi njo nilifungula mukono, nikamuachilia, nikakimbia."

Akanisogezea sahani.

"Kula, papa. Itapoa."

Nikala.

Wakuu, somo la kompyuta ni fupi: kabla ya kubonyeza Enter, fungua kifuniko ufuate waya kwa kidole, usiamini daftari, hasa lako. Somo lile lingine sina diploma ya kulieleza, ninaloweza kusema ni kwamba siku ile sambaza zilikuwa na chumvi kidogo na hakuna aliyelalamika.

Kama na wewe umewahi kufuta kitu cha mtu, ukarudisha au hukurudisha, sema hapa chini. Tutakucheka kwanza, hiyo haiepukiki. Halafu tutakusogezea sahani.